Ukipanda Meli na Mkweo, Sema Mapema

Mmeniuliza kama mtatapika. Mtatapika. Si wote, lakini wewe Baraka wa besi, uliyecheka kuliko wenzako, utakuwa wa kwanza. Wanaocheka kabla ya kupanda ndio tuliokuwa tunawapelekea ndoo.

Nyie vijana wa kwaya mmepata mwaliko wa kwenda kuimba Mbamba Bay, na Jumapili baada ya ibada mkanizunguka pale nje ya kanisa: Bibi, tubebe nini? Bibi, choo kiko wapi? Bibi, meli ikizama? Nikasema nitawaandikia, maana nikisema kwa mdomo nusu mtasikia, nusu mtakuwa mnaangalia simu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa upande, iacheni ikae. Kazi yenyewe naijua. Hapa Mpuguso mzima hakuna mwingine aliyekuwa mhudumu wa abiria kwenye meli ya Ziwa Nyasa. Nilivaa sketi ya buluu na raba nyeupe, na kutoka Itungi mpaka Mbamba Bay watu waliniita Mama Meli. Mpaka leo nikiitwa hivyo sokoni Tukuyu nanyoosha mgongo.

Haya, tumbo kwanza. Asubuhi ya safari msinywe maziwa. Nawajua mama zenu. Mtoto akisafiri wanamjaza maziwa mgando mpaka shingoni, ndiyo upendo wetu sisi watu wa Rungwe. Maziwa mgando na mawimbi havikai tumbo moja. Kula ndizi ya kuchoma, au kiazi cha kuchemsha kilichopoa, kidogo tu. Usikae na njaa pia, utatapika nyongo na nyongo inachoma. Beba tangawizi mbichi utafune. Ukiona mate yanajaa mdomoni bila sababu, usingoje, toka nje utazame ile milima mikubwa upande wa kushoto. Usitazame maji. Mlima hautembei, na jicho likipata kitu kisichotembea tumbo nalo linatulia.

Na ukitapika, tapikia upande upepo unakoelekea. Kuna mwalimu mmoja alitapikia unakotoka, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sinia la chai.

Nguo. Huku kwetu mtaondoka na ukungu na mvua, mtavaa masweta. Mkifika Kyela jua litawakaanga. Mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha chai alipanda meli na masweta matatu na koti juu, akaona aibu kuvua mbele za watu, akaanguka kama gunia pale pale mlangoni. Tukamwagia maji. Alipozinduka akauliza, "Tumeshafika?" Meli ilikuwa bado imefungwa gatini. Kwa hiyo vua bila aibu, ila sweta usiliache nyumbani. Alfajiri upepo wa ziwani utakupapasa mbavu moja moja.

Aliyenifundisha mengi ya haya ni Mzee Kostansi. Alikuwa serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia wote wa sitaha, mtu wa Liuli, mfupi, na sauti kama ya fahali. Mimi nimezaliwa Masoko, juu kabisa ya lile ziwa letu la shimoni, na katika utoto wangu wote sikuwahi kutia mguu ndani yake. Nani angetia? Tulikuwa tunaliangalia kwa mbali na kwenda zetu kupalilia. Siku ya kwanza melini nilishika nguzo kwa mikono miwili nikakataa kuiachia. Mzee Kostansi akaja akanitazama.

"Wewe wa migomba," akasema, "hiyo nguzo haiendi kokote bila wewe. Iache ipumzike."

Tangu siku hiyo akaniita hivyo, Wewe wa migomba. Akanifundisha kutembea magoti yakiwa yamelegea, kukaa katikati ya meli na chini kama mtu anaumwa, na kutobishana na mtu aliyetapika. Akanifundisha pia kutuhofu sisi wenyewe, watu wa milimani. Maana meli ikitoka Itungi na kugeuka, siku isiyo na mawingu Mlima Rungwe unaonekana vizuri, na Wanyakyusa wote melini walikuwa wanakimbilia upande ule kuuangalia, utadhani unauzwa. Meli inalala. Mikungu ya ndizi inaserereka. Na Mzee Kostansi juu ya pipa: "Mlima wenu upo! Mtaukuta mkirudi! Rudini katikati, nyie watu, mnatuua kwa mapenzi!" Na nyie mtaukimbilia, najua. Nendeni wachache wachache.

Sasa ngazi, sikilizeni vizuri. Bandari nyingi za njiani zamani hazikuwa na gati. Meli inatia nanga mbali na ufukwe, mashua inakuja ubavuni, mnashuka kwa ngazi ya kamba. Nasikia siku hizi wamejenga, sawa, lakini jifunzeni, ziwa lenyewe halijajengwa. Viatu vifungwe pamoja vining'inie shingoni. Mikono yote miwili kwenye ngazi, mzigo utashushwa kwa kamba na wenye kazi yao. Mtoto akae mgongoni, siyo kifuani, na afungwe kwa khanga mbili. Usiruke. Ngoja wimbi liipandishe mashua mpaka iguse unyayo wako, ndipo uachie. Ikishuka usiifuate.

Swali lingine ambalo hamkuniuliza, kwa sababu nyie hamlijui, ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mnasafiri na nani? Je, yupo kati yenu ambaye mkwewe pia anapanda?

Mnacheka. Siku hizi mkamwana anampakulia baba mkwe chakula, wanakaa kochi moja wanatazama mpira. Enzi zetu mkamwana hakutazamana na baba mkwe. Hakupita njia moja naye, hakutaja jina lake, akisikia kikohozi chake anaingia migombani mpaka apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na ilikuwa hofu pia, kwamba ukivunja, ugonjwa utakuja ndani ya nyumba na utachagua mtoto. Nyumbani mambo yalikuwa rahisi, migomba ni mingi. Melini migomba utaitoa wapi?

Mwanzoni tuliweza. Meli zilikuwa mbili, hii inakwenda, ile inafuata. Watu wakipata safari ya pamoja, mzee anapanda hii, mkamwana anangoja ile. Mimi nilikuwa nikiwaona Itungi nawapanga hata kabla hawajaniambia. Kisha likaja soko huria. Msinielewe vibaya, nilivaa mitumba mizuri kwa mara ya kwanza na sukari ikaonekana dukani. Lakini meli ya pili iliharibika mashine, na vipuri havikununuliwa tena kwa sababu ilisemwa atakuja mwekezaji ndiye atanunua. Ikabaki gatini inaota kutu, ndege wakaijengea viota. Safari zote zikaja kwenye meli yetu moja. Wafanyabiashara wakajaa, mchele, ndizi, mitumba, majiko ya mkaa, watu wanalala juu ya magunia. Ile hali ya mimi kupita na sinia la chai ikafa. Nilikuwa napita na sinia kichwani naomba njia kama niko mnadani.

Katika msongamano huo ndipo nilipompata Lugano.

Alikuwa binti mdogo, ameolewa si zamani, mtoto mgongoni. Nilimkuta Itungi amejibanza nyuma ya mzani wa mizigo, khanga ameivuta mpaka puani.

"Mama," akaninong'oneza, "yule ameshapanda?"

"Yule nani?"

"Mama na wewe, si Mnyakyusa? Yule."

Nikageuka. Kwenye ngazi ya meli alikuwa anapanda mzee mrefu, koti jeusi, kofia, mwavuli. Nikaelewa. Ndipo akanieleza. Mumewe, Ambwene, alikuwa kiwanda cha chai. Kiwanda kilipopunguza watu akaenda Manda, huko mwambao, kununua dagaa na kuwaleta Tukuyu. Sasa imeletwa habari kwamba anaumwa sana, homa imempanda kichwani. Mke anamwendea. Na yule mzee, Mzee Angolile, ndiye baba yake Ambwene, naye anamwendea mwanawe. Meli ni moja. Nani angoje nyingine?

Nikamwambia, "Nifuate, usinyanyue kichwa."

Nilikuwa na stoo ndogo nyuma kabisa ya meli, ya ndoo na mablanketi. Nikamweka humo na mtoto wake, mlangoni nikapanga mikungu ya ndizi ya abiria mpaka usawa wa kichwa. Migomba ikapatikana. Mzee nikampeleka mbele, ukumbi wa daraja la tatu, kwenye benchi linalotazama mbele. Safari yote ile nilikuwa njia kati yao.

Mzee Angolile hakuuliza kamwe moja kwa moja. Nilipompelekea chai alisema, "Mama, huko nyuma upepo hauingii?"

"Hauingii, baba. Kumekingwa."

"Na watu wa huko nyuma, wamepata chai?"

"Wamepata. Na mtoto wao amelala."

"Ndaga," akasema, ndiyo ahsante yetu, akashika kikombe kwa mikono miwili.

Nikienda nyuma, Lugano naye: "Mkubwa amekula?" Amekula. "Ana blanketi?" Analo. "Anasemaje habari za kule?" Hasemi, mama. Anatazama mbele.

Mzee Kostansi alinikuta nakwenda na kurudi akatikisa kichwa. "Nyie Wanyakyusa! Familia moja mnaisafirisha kama shehena mbili."

"Na zote mbili zitafika," nikamjibu. Nilikuwa na kiburi cha kazi yangu.

Tulifika Manda mchana, na mwera umeshaamka. Mwera ni upepo wa kusini, ukivuma ziwa linageuka jeupe. Nanga ilikuwa inakokota, meli inayumba, na kutoka ufukweni ikaja mashua moja tu. Nahodha akatoa kichwa dirishani: "Mashua iende mara moja! Ikirudi hainikuti hapa!"

Mzee Angolile alitangulia, kwa kuwa watu walimpisha kwa umri wake. Akashuka ngazi vizuri kabisa, akakaa katikati ya mashua na mwavuli wake. Wakashuka wengine. Ikabaki nafasi ya mtu, labda wawili wakibanana. Ndipo nikamleta Lugano, mtoto mgongoni kwa khanga mbili. Alifika ukingoni, akatazama chini, akaiona kofia. Akarudi nyuma akachuchumaa nyuma ya sketi yangu.

"Dada shuka!" watu wa kwenye mashua wakapiga kelele. "Tunalowa huku!"

"Anaogopa nini huyo?"

"Mkwewe yumo."

"Ah! Si afumbe macho tu, jamani!" Wengine wakacheka. Upepo ulikuwa unawarushia maji, sikuwalaumu.

Mimi nilichukua shuka la stoo nikashuka ngazi mpaka nusu. "Baba," nikasema, "naomba nikufunike. Gubigubi. Hutamwona, hatakuona, ni mwendo mfupi tu."

Mzee Angolile alinitazama kwa upole. "Mama, goti lake litagusa goti langu. Mtoto akilia atamnyonyesha ubavuni pangu. Siku nyingine, labda. Lakini leo, mwanangu yuko kitandani, leo ndiyo siku ya kuvunja?"

Nyie mngemjibu nini? Nikarudi juu na shuka langu.

Akasimama, mashua inaruka, akashika ngazi akaanza kupanda kurudi melini. Mzee Kostansi juu akafoka: "Mzee! Wewe ndiye baba wa mgonjwa! Kaa chini!"

"Na yule ni mkewe," mzee akajibu huku anapanda. "Mgonjwa anaoshwa na mkewe. Mimi nikifika nitamwosha? Mwambieni ashuke. Mimi nitashukia hapa meli ikirudi."

Nikamgeuza Lugano uso ukutani, nikasimama nyuma yake na shuka nimelitandaza kwa mikono miwili, mzee akapita upande wa pili. Akaenda mpaka ncha ya meli akasimama ametupa mgongo. Lugano akaninong'oneza, paji la uso ukutani. "Mama, amerudi kwa ajili yangu? Mama, mwambie asirudi." Nikamwambia shuka, binti, mumeo anakungoja. Akashuka. Niliiangalia mashua ile mpaka niliposhuhudia watu wanarukia mchangani.

"Wamefika?" mzee akaniuliza, bado hajageuka.

"Wamefika, baba."

Kutoka pale mpaka Mbamba Bay hakula. Nilimpelekea ndizi, nikampelekea uji, akashukuru kwa vyote na vyote vikapoa. Mbamba Bay tukakwama, mwera hautaki kulala, na nahodha hatoki. Kila asubuhi mzee alikuwa anakuja na mwavuli wake anasimama karibu na ngazi, kama mtu aliyeahidiwa. Hakumlalamikia yeyote. Ningefurahi angelalamika.

Na mimi huwa nabishana na nafsi yangu, hata sasa nikichambua maharage hapa barazani. Meli ya pili ingekuwepo, mzee angetangulia na mkamwana angefuata, au kinyume, na wote wawili wangefika. Waliouacha ule mtambo uoze hawakujua kama kuna mtu anaitwa Lugano. Upande mwingine nasema, ni mwendo mfupi tu, wangefumba macho tu, Mungu angeelewa. Halafu namkumbuka mzee anavyopanda ile ngazi na koti lake limelowa, na nashindwa kumwita mjinga. Sijawahi kuona mtu akimheshimu mkamwana kiasi kile. Nyie mnaokaa kochi moja na wakwe zenu, raha yenu naionea wivu. Lakini sidhani kama yuko mmoja wenu ambaye mkwewe angepanda ile ngazi kwa ajili yake.

Kwa hiyo nawaambia. Kama unasafiri na mtu ambaye huwezi kukaa naye, kwa mila, kwa ugomvi, kwa lolote, usilifiche ukidhani meli ni kubwa. Meli ni ndogo, na mashua ni ndogo zaidi. Mwambie mhudumu kabla kamba haijafunguliwa. Mwambie na unashukia wapi, na umkumbushe habari ya mashua. Mimi niliambiwa Itungi kwamba wote wanakwenda Manda, lakini mashua sikuiwaza; ningeiwaza, ningemwomba nahodha tangu pale ije mara mbili. Huenda angekataa, mwera ni mwera. Lakini ningekuwa nimeomba.

Meli iliporudi Manda ziwa lilikuwa limetulia kabisa, kama halijafanya kitu. Kutoka sitahani niliwaona wanawake ufukweni, khanga zimefungwa kiunoni. Nimekulia kwenye vilio vya misiba, najua khanga ya kiunoni ina maana gani. Mzee Angolile naye aliona. Alivua kofia akaishika.

Nikamwambia Mzee Kostansi, "Naomba nishuke na huyu mzee mpaka nchi kavu."

Hakufanya mzaha. "Nenda, Wewe wa migomba. Nitamchelewesha nahodha mimi."

Ambwene walikuwa wameshamzika. Joto la kule halingoji mtu, na watu wa kanisa la pale walifanya walivyoweza, wakamlaza mchangani, mbali na migomba ya baba yake. Lugano alikuwa amekaa chini karibu na mitumbwi. Alipomwona mzee anashuka kwenye mashua akageuka haraka akatazama ziwa, khanga juu ya kichwa. Mzee naye akasimama akatazama milima. Kati yao palikuwa na mchanga kama upana wa barabara, na mimi nimesimama hapo na sketi yangu ya buluu imelowa.

Hakuna mwingine aliyekuwepo wakati Ambwene anakata roho. Ni Lugano peke yake.

"Mama," akasema, uso kwenye maji, kwa sauti ya kusikika. "Mwambie mkubwa kwamba nilimkuta hai. Mwambie macho yalikuwa hayaoni tena. Nilimshika mkono, akaniuliza, mkono huu wa nani? Nikamwambia ni wa baba yako. Mwambie aliushika sana. Mwambie hakuuachia."

Nikamgeukia mzee nikamwambia yote, neno kwa neno, ingawa hakuna neno ambalo hakulisikia. Aliizungusha kofia mikononi mpaka meli ikapiga honi ya kwanza.

"Mwambie," akasema, macho bado milimani, "amefanya vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi. Mwambie ndaga."

Nikamgeukia Lugano kumpa ujumbe, na Lugano, ambaye naye alikuwa ameshasikia, akainamisha kichwa akangoja nimalize.